Acha Kitabu Mezani

Mtaani kwetu shangazi yangu aliitwa Daktari wa Vitabu, na wa kwanza kumwita hivyo alikuwa jirani yetu muuza mkaa. Mama huyo aliposikia kwamba mdogo wake baba amekuwa daktari, alikuja na magoti yake mabovu, akaketi kibarazani, akapandisha sketi kidogo na kungoja kutibiwa. Shangazi akamweleza kwamba udaktari wake ni wa ukutubi, elimu ya kupanga vitabu na habari ili anayetafuta apate. Muuza mkaa akashusha sketi taratibu, akauliza kama vitabu navyo huumwa. Shangazi alicheka hadi akashika ukuta. Nilifurahi kumwona hivyo, maana hakuwa mtu wa kucheka ovyo, na miaka iliyofuata kicheko chake kilizidi kupungua.

Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko chumba cha mbele katika nyumba ya baba, na karibu mambo yote ya habari hii yalipita mbele yake. Wenye shahada wana namna yao ya kuisimulia, tena wanaisimulia kwa upole mwingi. Mimi upole huo sina, mtanivumilia.

Babu na bibi walikufa shangazi akiwa bado mdogo, kwa hiyo baba alimlea kama mwanawe wa kwanza. Baba alikuwa mkutubi wa tawi la maktaba ya halmashauri, chumba kimoja kirefu nyuma ya zahanati, chenye feni iliyozunguka kwa kusitasita na mabenchi yaliyong'arishwa na makalio ya wasomaji. Kuazima kitabu kulihitaji mdhamini mwenye kazi ya mshahara, na mtaa wetu ni wa vibarua, wachuuzi na mafundi. Mdhamini tungemtoa wapi? Tulisomea humo humo. Wanafunzi walikuja na sare zao, makuli walikuja na jasho lao, na muuza mkaa alikuja kila alasiri kusoma kitabu kilekile cha hadithi, midomo ikimchezacheza, baada ya kunawa mikono kwenye ndoo ambayo baba aliiweka mlangoni kwa ajili yake.

Baba alikuwa na sheria moja tu iliyomtoka moyoni. Kitabu kina kwao, alisema. Ukishakisoma unakirudisha pale ulipokitoa, mgongo ukitazama nje, kikiwa sawasawa na majirani zake. Hakugombeza mtu. Ukiacha kitabu mezani alikuja kusimama nyuma yako, mikono mgongoni, akatazama dirishani mpaka haya zikushike. Watoto wasiojua bado namba za rafu walikariri majirani: changu kinakaa kati ya kile cha kijani na kile kilichochanika. Mtaa mzima ulifundishika, na shangazi ndiye aliyekuwa mwanafunzi wake wa kwanza. Aliweza kurudisha kitabu mahali pake akiwa amefumba macho. Ulikuwa mchezo wao wa jioni, yeye na kaka yake, baada ya kufunga mlango.

Alipofika chuo kikuu wenzake walichagua sheria na biashara, yeye akachagua ukutubi. Walimtania kwamba anakwenda kusomea kunyamaza. Alimaliza akiwa wa kwanza darasani, wakambakiza afundishe, wakampa ofisi aliyochangia na mashine mbovu ya kunakili, na wanafunzi ambao wengi walitupwa kwake kwa kukosa alama za kwingine. Siku ya kwanza ya kila mwaka aliwamwagia mezani lundo la vitabu visivyo na majalada, akawataka wavipange ili mgeni asiyejua kitu avipate. Walinung'unika, wakagombana, wengine wakavipanga kwa ukubwa. Alipenda kutusimulia hayo Jumapili alipokuja kwetu, akiwa amevua viatu, huku akisahihisha kazi zao kwa kalamu nyekundu. Wachumba nao walikuja, wakamkuta anasahihisha, wakaondoka. Baba alisikitika kidogo, halafu akazoea.

Kisha halmashauri ikataka kujua matawi yake yapi yanatumika na yapi yanakula fedha bure, na shangazi akaomba utafiti huo uwe wa shahada yake ya uzamivu. Hadi wakati huo matumizi ya maktaba yalipimwa kwa mihuri ya kuazima. Shangazi alisema muhuri ni kipofu, unamwona mwenye mdhamini tu. Maskini anayesoma kwenye benchi, nani anamhesabu? Swali hilo lilimchoma, na lilitoka kwenye benchi letu. Wala hakutaka kuhesabu vichwa mlangoni, kwa sababu wengine huingia maktaba kutafuta kivuli au choo. Alitaka kuhesabu vitabu vyenyewe.

Jumapili moja alitueleza njia yake kwa vikombe vya chai. Alituonyesha vikombe vichafu tulivyoviacha mezani, akasema, mkiondoka wote, nikaingia mimi, nitajua wangapi wamekunywa bila kumwuliza mtu. Basi kila tawi lingewekewa tangazo juu ya kila meza: Ukimaliza kusoma, acha kitabu mezani. Wasaidizi wake, wanafunzi wa chuo, wangefika saa ya kufunga, wahesabu vilivyobaki mezani, ndipo virudishwe kwenye rafu. Baba alikitazama kikombe chake kwa fahari kana kwamba nacho kimepata shahada.

Shangazi aliapa kutokanyaga kwenye tawi la baba mpaka kazi iishe. Wasije wakasema nimembeba kaka yangu, alisema. Hata Jumapili hakutaka wazungumzie habari za tawi. Alimwagiza tu, kama alivyowaagiza wakutubi wote, asiwaeleze wasomaji lolote na asiingilie hesabu. Na baba, ukimwagiza kitu, alikishika kama askari wa zamu. Wasaidizi walifika jioni, wakapita kati ya meza, wakaandika, wakaaga. Hakuwauliza wamehesabu vingapi.

Matawi mengine yalitoa matokeo ya ajabu. Matawi ambayo kwa mihuri yalionekana yamekufa, kwa hesabu ya meza yalikuwa hai kabisa, na halmashauri iliona aibu. La baba lilitoa karibu sifuri. Shangazi alipoletewa takwimu aliwarudisha wasaidizi wakahesabu upya, na zikatoka vilevile. Alikuja kwetu siku isiyokuwa ya kuja, akaketi na kaka yake uani. Sikusikia yote. Niliona baba akitikisa kichwa kukubali, akimpigapiga mkono, kana kwamba aliyefiwa ni yule mwingine. Akamwambia aandike alichokiona, asimwonee haya.

Aliandika. Tawi likafungwa. Vitabu vilitiwa kwenye magunia, vikapelekwa ghala la halmashauri, na chumba kikawa ofisi ya kulipia leseni za biashara. Baba walimhamishia kwenye ghala hilohilo kutunza majalada ya zamani, mpaka akastaafu. Mtaani walisema kikulacho ki nguoni mwako, tena walilisema hilo nikiwapima nguo, ili nimfikishie shangazi. Sikumfikishia. Nilimkasirikia kimya kimya, nikaendelea kumpikia chai.

Kilichoniuma zaidi ni baba. Alimwamini. Watu waliposimama naye njiani wakalalamika, aliitetea hesabu. Imepimwa, aliwaambia, watu hawakuwa wanasoma. Muuza mkaa akamwuliza kwa ukali, na mimi je, nilikuwa nakuja kuota moto? Baba akamjibu kwa upole kwamba walikuwepo, ila walikuwa wachache. Siku moja nilimkalisha nikamwambia kwamba mimi mwenyewe niliwahi kukosa nafasi kwenye benchi. Akaniambia maneno ambayo mpaka leo siyasahau.

"Na mimi nilidhani wengi, mwanangu. Kumbe mtu akipenda kitu hukiona kikubwa."

Aliishi hivyo miaka yote iliyobaki, akiamini kwamba alifungua mlango kila asubuhi kwa ajili ya mabenchi matupu. Hakuwa na uchungu na mtu. Alijidharau tu, taratibu, kama nguo inavyochuja. Aliacha kusimulia habari za kazi yake. Mgeni akimwuliza alifanya kazi gani, alisema alikuwa mtumishi wa halmashauri.

Shangazi alipanda. Njia yake iliitwa hesabu ya mezani, ikaingia kwenye vitabu vya kufundishia, ikatumiwa na miji mingine. Akawa mhadhiri mwandamizi, akawa mkuu wa idara, akapata ofisi yake peke yake. Kila Jumapili alikuja na vitabu vilivyoondolewa chuoni, akamletea kaka yake, mpaka ukuta wa chumba changu cha kazi ukajaa rafu na baba akavipanga kwa namba. Hawakulitaja tawi. Walipendana kwa kulizunguka, kama mnavyozunguka shimo uani mkilijua lilipo.

Hatimaye wakampa uprofesa, na profesa mpya hutoa mhadhara mbele ya chuo kizima. Yeye alikusudia kuzungumzia hesabu ya mezani. Jumapili moja alikuja kuandikia kwenye meza yangu ya kukatia nguo, akatoa vitabu kumi na kitu kwenye ile rafu, akavitandaza. Simu ilipolia akatoka nje kuzungumza. Aliporudi meza ilikuwa nyeupe. Kilichobaki ni kalamu yake na chaki yangu.

Aliniuliza nani kamchukulia vitabu. Nikamwonyesha rafuni kwa kidole cha kutia uzi, bila hata kusimamisha cherehani. Baba alikuwa amepita kwenda kunywa maji, akaviona, mkono wake ukafanya kazi yake. Kila kitabu kilikuwa kwao, mgongo ukitazama nje.

Shangazi alisimama pale muda mrefu mpaka nikainua macho. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, nikaogopa, nikadhani simu ile ilikuwa ya msiba. Akaniuliza, kwa sauti ndogo, kule maktabani nilipomaliza kusoma nilikuwa nakiweka wapi kitabu. Nikamwambia, kwao, ningekiweka wapi tena? Muuza mkaa alikuwa mlangoni anateremsha gunia, naye akamgeukia, akamwuliza hivyohivyo.

"Kati ya kile chekundu na kile kisicho na jalada," alisema muuza mkaa. "Ningekiachaje mezani, mzee ananitazama?"

"Na lile tangazo?"

"Lile si lilikuwa la wageni?"

Shangazi akaketi kwenye kigoda changu, juu ya vitambaa vya mteja, na mimi sikumwinua. Nilikuwa naanza kuelewa, nikasimamisha cherehani. Vile vikombe vya chai. Alikuwa ameingia kwenye nyumba ambayo kila mtu huosha kikombe chake, akatazama meza safi, akaandika kwamba humo hakuna aliyekunywa. Wengine wasingeweza kujua. Yeye angejua, kwa maana alikulia humo, na angesimama mlangoni jioni moja tu angeona. Lakini hakusimama, kwa kuogopa upendeleo. Mganga hajigangi, nilitaka kumwambia, lakini nilipomtazama nikaona hilo analo tayari.

Jambo moja tu ndilo aliloliona la haraka, na nilikubaliana naye: baba aambiwe. Chuo kingesubiri. Mzee alikuwa amedhoofika, kifua kikimsumbua, na hakupaswa kufa akiamini uwongo ule. Tulikuwa na furaha ya ajabu, mimi na yeye, furaha yenye hofu ndani, kama ya watu waliookota kitu cha thamani cha mtu mwingine na sasa wanakwenda kumrudishia. Atajua kwamba mabenchi yalijaa. Atapata maisha yake.

Alimwambia uani, mahali palepale alipomwambia mara ya kwanza. Safari hii nilisikia, nilikuwa nimesimama mlangoni. Alieleza vizuri, kwa utaratibu, kama mwalimu: tangazo, wasaidizi, saa ya kufunga, meza safi. Akasema watu walikuwepo, kaka, walikuwepo sana, ni mimi sikuwaona. Akapiga magoti kumwomba msamaha, profesa mzima, kwenye vumbi.

Baba alimsikiliza hadi mwisho. Nilimngoja atabasamu. Alikuwa akizitazama nyayo zake.

"Kwa hiyo," alisema, "kama ningewaacha waviache ovyo, tawi lingebaki."

Shangazi akasema hapana, kosa ni langu. Akalirudia mara nyingi.

"Wewe ulihesabu ulichokikuta," baba akasema. "Aliyewafundisha kuvirudisha ni nani? Kumbe nililifunga mwenyewe."

Tulimbembeleza mpaka giza likaingia. Nilimwambia kwamba si kosa kufundisha watu adabu. Muuza mkaa naye aliitwa, akaja kusema yake, akasema vizuri kuliko sisi sote. Baba alitushukuru mmoja mmoja. Alikuwa amekwisha kulichukua kosa, na ulikuwa mzigo mpya kabisa, uliomfaa barabara, kana kwamba nilimpima na kumshonea mwenyewe. Ule wa zamani ulikuwa huzuni ya mtu asiyehitajika. Huu ulikuwa wa mwenye hatia, na sisi ndio tuliompelekea mikononi, tukikimbia.

Mkuu wa kitivo alimshauri shangazi aache mambo ya kale, maji yakimwagika hayazoleki, atoe mhadhara wake salama. Hakumsikiliza. Alisimama mbele ya majoho yote akaeleza kosa lake bila kujitetea, na baba amekaa mstari wa mbele, amevaa koti nililompunguzia kiunoni kwa sababu lilikuwa limemzidi. Na unajua walifanya nini? Walisimama wakampigia makofi. Waliuita uadilifu, waliuita ushujaa wa kitaaluma, na mwaka uliofuata kosa lenyewe likaingia kwenye somo na mtihani. Walimpa baba mkono pia, wakampongeza kwa kuwa na mdogo kama huyo. Alishukuru. Shangazi alitoka pale akiwa na jina kubwa kuliko alilokuja nalo, akalia kwenye gari hadi nyumbani. Halmashauri nayo ilipoombwa kulifungua tena tawi ilijibu kwamba leseni lazima zilipiwe mahali fulani, na vitabu mchwa walishavimaliza.

Siku chache baadaye niliingia chumba cha kazi nikakuta kitabu kimeachwa wazi juu ya meza ya kukatia. Nilidhani mteja amekisahau. Jioni nikakuta kingine kwenye kiti, na asubuhi kingine juu ya mtungi wa maji. Baba alikuwa amevisoma, kisha akaviacha. Nilipotaka kukirudisha kimoja alinizuia kwa mkono. Aliviacha kila mahali, dirishani, kibarazani, kitandani mwake, mtu aliyekuwa hawezi kupita kitabu kilicholala bila kukiamsha. Nilishona nikivizunguka. Shangazi alipokuja Jumapili aliviona, akaelewa kwamba mzee sasa anamwachia vya kuhesabu, akaiacha chai yake ipoe.

Mvua za mwaka huo zilimkuta baba kitandani na zilipokwisha alikuwa hayupo. Tulimzika asubuhi. Tuliporudi nyumba ilijaa watu, wengi wao wa yale mabenchi, wengine wazee sasa, na kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuweka vikombe, muuza mkaa alinawa mikono, akaanza kukusanya vile vitabu mezani. Alivipangusa kwa khanga yake, akavisogeza rafuni, akitafuta kila kimoja majirani zake, kama alivyofundishwa.

"Viache."

Sijawahi kumsikia shangazi akipaza sauti, kabla ya hapo wala baada. Chumba chote kilimgeukia. Alimwambia tena, polepole, tafadhali mama, viache, virudishe mezani. Muuza mkaa akamtazama, akanitazama mimi. Kisha akavitoa rafuni kimoja kimoja na kuvilaza mezani, na shangazi akakaribia akiwa amevua viatu, akaanza kuvihesabu kwa kidole, midomo ikimcheza. Alipofika mwisho alianza upya.